Miche Kumi na Minane

Wanaosema fahali wawili hawakai zizi moja hawajaona mke na mama mkwe wakichangia uwanja. Mlango wangu na wa mama mkwe ulitazamana, hatua kumi na mbili kati yetu. Akifagia, vumbi langu. Nikianika nguo, matone yake. Mume wangu, mtu asiyeweza kumwambia yeyote hapana, alichoka kutusuluhisha, akaamua kupanda miti katikati ili kila mmoja awe na kwake.

Alinunua miche kumi na minane kwa mama muuza miche wa pale barabarani. Ghorofa la jirani limetuzibia jua, hapo katikati linafika adhuhuri tu, kidogo. Mama muuza miche alimweleza kwamba kivulini miche huchelewa kushika, kwa hiyo aitandazie majani makavu chini, aimwagilie mara moja kila siku nne, na awe na subira. Alipanda yote siku moja. Mwezi uliofuata akaanguka kitandani kwa ugonjwa wa ini.

Siku moja nilipokuwa namgeuza ubavu alinishika mkono. "Ile miche nakuachia wewe," akasema. "Nakutegemea wewe tu. Mama usimwambie, atanuna."

Alifariki wiki tatu baadaye. Msibani watu walimzunguka mama yake. Nilimsikia shangazi yake akisema mama ndiye aliyefiwa, mke ataolewa tena. Nilikuwa na lile neno, wewe tu, na hakuna aliyeweza kuninyang'anya.

Kila siku ya nne niliamka alfajiri, kabla mlango wa pili haujafunguliwa, nikamwagilia, kisha nikaenda kwenye kazi yangu ya kupiga pasi kwa dobi. Mwezi wa pili majani yakaanza kuwa manjano. Nikadhani ni kiu, nikaongeza, kila siku mbili, halafu kila siku. Yakazidi kupukutika. Hapo nikapata uhakika: yule mama anaimwagia maji ya sabuni nikiwa kazini. Nilimwambia hivyo waziwazi, yeye dirishani kwake, mimi kwangu. Akanijibu kwamba yeye alishajua siku nyingi ni mimi ninayeiua, kwa kuwa siku zote sikupenda kitu chochote kilichotoka mkononi mwa mwanawe.

Nikamleta mama muuza miche awe shahidi. Nilitaka amwaibishe mbele yangu.

Hakutazama majani hata kidogo. Alichuchumaa, akasukuma matandazo, akachomeka kidole ardhini, akakinusa. Kisha akashika mche mmoja kwa vidole viwili, ukatoka bila kuvutwa. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka kama maji ya chombo cha maua kilichosahauliwa. Akauliza nani anamwagilia.

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema mama mkwe kutoka mlangoni kwake.

Mama muuza miche alitutazama kwa zamu. Akasema tumeizamisha. Kivulini maji hayana pa kwenda, na mche mgeni hauna mizizi ya kunywa zamu mbili. Kuna minne inayoweza kupona, isiguswe na mtu mpaka kidole kitoke kikavu.

Mama mkwe alikuwa ameshika kizingiti. "Aliniachia mimi," akasema. "Alisema ananitegemea mimi tu. Mkewe nisimwambie."

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwema angenyamaza, akamwachia mzee neno lake la mwisho la mwanawe.

"Na mimi aliniambia hivyohivyo, Mama."

Nilitaka limuume, na lilimuuma. Alikaa chini palepale. Mimi nikakumbuka uji wa mume wangu alipokuwa mgonjwa. Jioni alikunywa wangu, akausifu. Nikirudi kutoka kuosha vyombo nakuta bakuli la mama yake tupu kando ya kitanda, nalo, nina hakika, lilishasifiwa. Usiku akitapika, tulilaumiana uji wa nani ulikuwa mbaya. Watu husema mshika mbili moja humponyoka. Wangu alishika zote mbili mpaka akaponyoka yeye. Nilimkasirikia maiti, nikaona aibu, na hasira haikuondoka.

Tuling'oa iliyooza siku ileile, yeye akianzia upande wake, mimi wangu. Tulipokutana katikati tukaiacha ile minne, naye akaweka kigoda mlangoni kwake, mimi changu, kila mmoja akimchunga mwenzake asije na ndoo.

Minne imeshika. Ina majani mapya, na ina urefu wa goti. Miti minne haifichi mtu. Kila asubuhi nikifungua mlango, wa kwanza kumwona ni yeye, ana pua ya mwanawe, na kwa kuwa sina pa kugeuzia uso, namwamkia.