Kijiti cha Panda

Mkungu ulikuwa umeiva kabla ya siku zake. Klaudia aliuona asubuhi akienda kuchota maji: ndizi mbili za manjano katikati ya nyingine ambazo hazijanenepa hata kufikia kidole gumba. Akaweka ndoo chini. Akachomoa ndizi moja, akaipasua kwa kisu cha jikoni, akatazama. Ndani ilikuwa na madoa ya kahawia, kama kitambaa kilichomwagikiwa chai. Akaenda mgomba wa pili, kisha wa tatu. Alipofika wa tisa hakupasua tena.

Hakuhitaji mtaalamu wa kumwambia. Kijiji kizima, na vijiji vyote vya kuzunguka Rubya, viliujua mnyauko. Ulipopita mara ya kwanza uliacha vibanja, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vikiwa vitupu, na watu waliozoea kula ebitoke, ndizi za kupika, mara mbili kwa siku wakajifunza kushukuru kwa muhogo. Kibanja cha marehemu mzee Kahangwa kilipona, na kilipona kwa sababu binti yake, Klaudia, hakugusa kwa chuma ua dume, ambalo huondolewa ili wadudu wasilete ugonjwa. Alikuwa na kijiti chenye panda, kirefu kumzidi kimo: unainua, unanasa shingo ya ua chini ya mkungu, unazungusha, unavuta, linakatika. Panga hubeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Kijiti hakikati, kwa hiyo hakibebi. Hilo hata watoto walilijua.

Kibanja chenyewe hakikuwa chake. Kilikuwa cha kaka yake, Byabato, aliyekuwa Mwanza. Klaudia aliporudi kutoka kwa mume akiwa na sanduku moja, ukoo ulikaa ukasema sawa, akae, atunze migomba na makaburi, mradi kibanja kisimame. Mwanamke kwao hukaa. Hamiliki.

Akahesabu tena. Migomba tisa, na alijua ni ipi.

*

Tusizunguke: Klaudia alimwonea wivu Felicitas. Wivu huo ulikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na ulilishwa vizuri.

Walikaa dawati moja sekondari. Klaudia ndiye aliyechora moyo wa chura ubaoni mpaka mwalimu wa biolojia akaacha chaki akasimama pembeni kutazama. Felicitas alikuwa ananakili kwake, na alinakili kwa mwandiko mzuri. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, wote wawili walichaguliwa kuendelea. Baba yake Klaudia akasema nyumba moja haiwezi kusomesha wawili, na wa kusoma ni Byabato, maana ndiye wa kukaa kwenye kibanja. Byabato akasoma, akaenda Mwanza, asikae kwenye kibanja hata masika moja. Felicitas akaendelea, akavuka bahari, akarudi daktari wa magonjwa ya mimea, akajenga nyumba Kahororo, mjini.

Haya yote mtu angeweza kuyameza. Kilichomkaba Klaudia ni ukurasa. Felicitas aliandika mtandaoni, na ukurasa wake ulikuwa na jina: Sayansi, Sala na Soga. Aliandika jinsi alivyotazama bakteria kwenye darubini akajikuta anasali. Aliandika kuhusu kuoka keki, kufuma, kuwatazama ndege wa ziwani, na baiskeli iliyomtupa mtaroni mbele ya padre. "Nimepimwa sauti na mwalimu wa kwaya," aliandika siku moja. "Majibu yametoka. Sina." Maelfu ya watu walicheka, na Klaudia, amesimama juu ya kichuguu nyuma ya jiko, mahali pekee palipokuwa na mtandao, alicheka pia, kisha akakasirika kwamba amecheka.

Akaandika maoni yake chini: "Hilo lilijulikana tangu kidato cha pili." Felicitas akajibu: "Klaudia wangu! Umenimaliza." Watu wakapenda. Basi akazoea. Kila bando lilipopatikana, alitupa neno lake. Wengine tulikupisha njia. Biolojia ulinakili kwa nani? Mungu akubariki wewe tu, sisi tumekosa nini? Felicitas alijibu kwa mioyo, kila mara, na mioyo hiyo ilimchoma kuliko matusi.

*

Wiki saba kabla ya ule mkungu, gari la mradi wa kupambana na mnyauko lilisimama mbele ya nyumba. Felicitas alishuka kwa viatu vya kamba ambavyo tope lilionekana kuviogopa, akamkumbatia mwenzake kwa muda mrefu. Dereva wake, Datius, alishuka na simu kubwa ya kupigia picha.

"Klaudia wangu, nataka kuandika juu ya kibanja chako. Watu wa mjini wanadhani ndizi zinaota sokoni."

Klaudia alimpikia ndizi za Nshakara kwa maharage. Akaenda ndani, akachana nywele, akavaa gauni la kanisani. Alijiambia hajali, lakini alibadilisha na kitambaa cha kichwa. Siku hiyo angekuwa kwenye ukurasa.

Alipotoka alikuta Felicitas ameshika panga lililotoka nyuma ya gari, limekaukiwa na utomvu mweusi hadi kwenye mpini.

"Sisi hutumia hiki," Klaudia akasema, akainua kijiti chake.

"Najua, mama, si ndicho tunachofundisha? Ila kijiti hakionekani vizuri kwenye picha. Panga linang'aa."

"Limetoka wapi hilo?"

"Tumetoka Kanazi asubuhi, kukata ile migomba iliyougua. Nimelifuta, usijali. Ni picha tu."

Klaudia alifungua mdomo. Hapo ndipo baadaye angerudi kila siku, kwenye ule mdomo uliofunguka. Daktari alikuwa ni nani? Na nani aliyekuwa na gauni la kanisani, anasubiri kuitwa kwenye picha? Akafunga mdomo.

Mgomba wa kwanza kivuli kilikuwa kibaya. Wa pili Felicitas alifumba macho. Walizunguka mpaka Datius akaridhika, na maua tisa yakalala chini. Jioni picha ikatoka: Felicitas na panga, anacheka, na ukingoni nusu ya Klaudia, kijiti kwapani. "Rafiki yangu wa shule amenifundisha kazi," maneno yalisema. "Ndizi zimenicheka." Klaudia alipanda kichuguu mara nyingi kuitazama ile nusu yake.

*

Mtendaji wa kijiji, Karugendo, hakuchelewa. Sheria ndogo ilikuwa wazi: kibanja chenye mnyauko kinang'olewa, na mtaalamu wa mradi anaandika chanzo. Mtaalamu wa mradi alikuwa Dakta Felicitas.

"Kesi ya nyani, hakimu ngedere," Klaudia alisema, alipoitwa ofisi ya kijiji.

"Umesemaje, Ma Klaudia?"

"Nimesema panga lilikuwa lake. Lilitoka Kanazi kwenye migomba mibovu. Picha ipo, waitu, jamani, ipo kwenye ukurasa wake mwenyewe, na mimi nimo na kijiti changu."

Karugendo alitoa simu, akatafuta, akaigeuza ili wajumbe wa kijiji waone. Maneno yalikuwepo, rafiki wa shule alikuwepo, ndizi bado zilicheka. Pale palipokuwa na picha palikuwa na keki ya ndizi kwenye sahani ya bluu.

"Mae, mama yangu," Klaudia alisema, polepole. Hakuwahi kuihifadhi. Nani huhifadhi kitu ambacho kipo siku zote?

"Datius," Karugendo akamgeukia dereva mlangoni, "wewe ulikuwepo. Daktari alishika panga?"

Datius alitazama funguo za gari. Mkataba wake ulikuwa wa miezi sita sita. "Mimi naendesha gari, mzee."

"Daktari, una neno?"

Felicitas alikuwa amekaa mikono magotini, amejiinamia kama yuko kanisani. "Klaudia ni dada yangu. Sitaki kumsema. Ninaloomba ni msimhukumu kwa ukali. Amepitia mengi."

"Hapana, Daktari, wewe una huruma, ila ofisi inataka ushahidi." Karugendo alishusha kidole kwenye simu, akaanza kusoma. "'Hilo lilijulikana tangu kidato cha pili.' Nani kaandika? Klaudia Kahangwa. 'Biolojia ulinakili kwa nani?' Klaudia Kahangwa. 'Mungu akubariki wewe tu.' Huyu huyu. Ma Klaudia, haya si maneno yako?"

Wajumbe walicheka kwenye benchi. Hata yeye alisikia jinsi yalivyosikika, mabichi na madogo, yakisomwa kwa sauti ya mwanamume.

"Ni yangu."

"Basi. Hasidi hana sababu."

"Mimi ninayo," Klaudia alisema. "Mwonea wivu naye ana macho, mtendaji. Nilimwonea wivu, na panga lilikuwa lake. Yote mawili ni kweli."

Lakini Karugendo alikuwa ameshaanza kuandika.

Nje, karibu na gari, Felicitas alimshika mkono. Viganja vyake vilikuwa laini na Klaudia, hata wakati huo, aliviona.

"Nisikilize. Mradi unalisha watu kumi na wawili. Wafadhili wakisikia daktari wa mnyauko amepeleka mnyauko, wanafunga. Miche safi haitakuja kwa yeyote. Umeelewa? Wewe saini fomu, mimi nitakuletea miche mwenyewe. Wa kwanza wilaya nzima."

"Fomu inasema nini?"

"Maneno ya kawaida."

Fomu ilisema: Chanzo, mkulima kutumia panga.

"Nimekusamehe, ujue," Felicitas alisema. "Yale maoni yote. Nimekuombea."

Klaudia hakusaini siku ile. Vibarua walikuja, wakang'oa siku tatu mfululizo, wakakatakata, wakalundika. Migomba ya mzee Kahangwa, iliyozunguka nyumba tangu kabla Klaudia hajazaliwa, ikaisha, na kwa mara ya kwanza mtu aliyepita barabarani aliweza kuona mlango wa nyumba na misalaba ya makaburi nyuma yake. Byabato alipiga simu siku ya nne.

"Nimeambiwa kibanja kimekufa."

"Kaka, si mimi. Yule Felicitas—"

"Hadithi sizitaki. Kuna mtu anataka kupanda mikaratusi, yuko tayari. Kama hakuna migomba, wewe unakaa hapo unatunza nini?"

"Makaburi."

"Makaburi hayahitaji mtu. Una miche au huna?"

Asubuhi iliyofuata alitembea hadi ofisi ya kijiji akasaini. Karugendo alimpa kalamu na kumwonyesha mstari.

*

Felicitas alitimiza ahadi. Alileta miche hamsini kwenye mifuko myeusi, mirefu kama kiganja, na akasaidia kuishusha kwa mikono yake. Itazaa mwaka ujao, alisema, Mungu akipenda. Byabato alikuwa amesema mtu wa mikaratusi atasubiri hadi Pasaka tu.

"Sasa tupige moja ya kufundisha," Felicitas alisema. "Nitaandika juu ya kosa, na kusamehe, na kuanza upya. Watu wanahitaji hilo. Kijiti kiko wapi?"

Kilikuwa kimeegemea ukuta wa jiko. Klaudia alikileta. Felicitas alisimama nyuma yake, akaweka mikono yake juu ya mikono ya Klaudia, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika.

Datius alishusha simu. "Ua lenyewe halipo, Daktari."

"Ainue tu. Watu wataelewa."

Datius alirudi nyuma hatua mbili, akatazama chini, akatazama tena kwenye kioo, akasogea mpaka Klaudia akawa katikati ya picha. Gauni lilikuwa la kazini, lakini alijikuta amenyoosha kitambaa cha kichwa.

Akainua. Ile panda ikasimama hewani, pale ulipokuwa ukining'inia mkungu wa kwanza, na viganja vyake, kwa mazoea, vikazungusha na kuvuta.

"Hivyo hivyo," Felicitas alisema sikioni mwake. "Usishushe."

Akavuta tena. Hakuna kilichokatika.