Pindo la Safari

Fundi cherehani alikuwa amekaa sakafuni, pini mdomoni, akikunja gauni lake la safari. Aliacha pindo pana kwa ndani, akapitisha kamba ya kukazia kiunoni. Mtu akibadilisha fedha ugenini hupungua kimo, na nguo isiyopungua naye humwangusha ngazini.

"Ulizia kwanza, shoga," alisema jirani aliyekuja kumshikia kitambaa. "Bei wanayonunulia na bei wanayouzia. Na usije ukabadilishia uwanja wa ndege. Mume wangu alibadilisha palepale, siku hizi namweka juu ya friji asidonolewe na kuku."

"Na bado anakoroma?"

"Mkoromo ndio uliorudi mzima."

Wakacheka mpaka pini zikadondoka.

Fundi hakuwa na makuu. Binti yake alikuwa amejifungua huko ng'ambo, naye alitaka kufika akiwa na mikono ya kumpakata mjukuu. Alikuwa amejipima kwa mto wa kochi: akipungua shubiri angemudu, zaidi ya hapo mtoto angemlemea. Kwa hiyo uwanjani angebadilisha nauli ya teksi tu. Nyingine angezipeleka benki ya mjini, ambako inasemekana mtu hupoteza kiasi cha kisigino cha kiatu.

Uwanja wa huko ng'ambo ulikuwa na mwanga kama maziwa, hujui ni asubuhi au jioni. Abiria walisogea kwenye dirisha la kubadilishia wakiwa warefu, wakaondoka wafupi, kimya, wameshikilia suruali zao. Juu ya dirisha paliandikwa: HAKUNA ADA.

Sasa, fundi huyu alikuwa ametozwa ada maisha yake yote. Ada ya soko, ada ya kliniki, hata ada ya choo cha stendi. Kusoma kwamba hapa hakuna, alijiona kama mtu aliyepishwa kiti. Akatoa zote.

Karani akagonga muhuri. Viatu vya fundi vikalegea. Kaunta ikapanda polepole kama maji ya mafuriko, ikampita kidevu, ikampita utosi.

"Mwanangu, si mmeandika hakuna ada?"

"Hakuna, bibi," karani alisema kwa upole, akimteremshia noti kwa kikapu cha kamba. "Hicho ni kiwango tu."

"Na nikizirudisha hizi, nitarudi?"

"Kurudisha nako kuna kiwango chake, bibi. Utapungua tena."

Nyuma ya karani ilionekana miguu ya mwenye duka, mpaka magotini. Sehemu yake iliyobaki ilipitia kwenye tundu la dari, na huko juu mafundi walikuwa wakigongagonga, wakilipanua.

Fundi akaikaza kamba ya gauni, akatoka akiwa sawa na sanduku lake.

Binti alikuwa akimngoja mlangoni. Wakatazamana macho kwa macho, ingawa siku walipoagana binti alimpita mama yake kichwa kizima.

"Waliandika hakuna ada," mama alisema.

"Najua, mama."

"Na wewe je? Wewe si unalipwa hela za hukuhuku?"

Binti akaangalia pembeni. "Ninazotuma nyumbani zinapita dirishani, mama. Kila mwezi."

Mama akakumbuka bati jipya la nyumbani, lilivyokaa juu. 

Mtoto alikuwa amelala, amekijaza kitanda. Alizaliwa na kimo chake kamili, kwa kuwa hakuwa amebadilisha chochote. Bibi akajaribu kumwinua. Akajaribu tena. Mwishowe akapanda akajilaza kando yake, na mtoto, usingizini, akamtupia mkono mzito wenye joto.

"Kitendawili," bibi alisema kutoka kwapani mwa mjukuu.

"Tega."

"Nilikwenda kupakata, nikapakatwa."

Jibu binti alilijua, lakini akasema, "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua huuhuu, mama. Mimi mji huu umenizidi kimo."

Mwezi ulipoisha, binti alivaa viatu aende dirishani kutuma karo ya mdogo wake.

"Subiri kwanza," mama alisema, pini mdomoni. Akampindia sketi upana wa kidole, na kwa ndani akaacha nafasi ya mwezi ujao.