Pengo kwenye Pete ya Vumbi

...na bado mkono wa yule mwanamume uko juu, na Jepkemei amesimama kando ya shuka jeupe walilolitundika ukutani ili picha ya projekta ionekane, anamtazama yeye tu, kwa sababu ile sauti anaijua, aliijua tangu mtu huyo alipoingia amechelewa akawaambia waliokaa kwenye benchi, songeni, songeni kidogo, kwa upole, kama mtu anayepita na chai moto, na ndivyo alivyosema siku ile pale mtaani Rhonda, songeni kidogo, jerikeni la petroli mkononi, na watu wakasonga... “Mwalimu, si mimi nauliza,” mwanamume anasema tena, “ni huyu Emmy wangu, anaona haya,” na msichana aliyempakata anaficha uso kwenye sweta ya babake, “anataka kujua hiyo laini nyeusi, mbona hapo hakuna vumbi, nani alifagia?” na ukumbi wa kanisa unacheka, wazazi wa Kiamunyi na watoto wao, kicheko cha Jumamosi mchana, na Jepkemei naye anahisi mdomo wake ukitabasamu bila ruhusa yake, maana jibu analo, ndiyo kazi yake, kwa hilo anaitwa daktari, daktari wa elimu ya nyota, nyota changa ile pale kwenye shuka, bado haijatulia, imezungukwa na sahani pana ya gesi na vumbi, pete ndani ya pete kama santuri ya zamani, na katikati ya pete mapengo meusi, na sasa hivi tu amewaambia kwamba dunia haizaliwi kwa kubembelezwa, chembe hugongana, zile ndogo hushikana, zikishakua kidogo huvunjana, mawe hupigwa na upepo wa gesi mpaka yanapoteza mwendo na kuporomoka ndani ya nyota, nyota inayameza, inatapika miali, inaunguza kilichobaki, na mzee mmoja akauliza, sasa dunia yetu iliponaje, naye akasema, mzee, nyingi hazikupona... alisema hivyo kwa raha, na hiyo raha anaijua inatoka wapi, aliitafuta mbali kabisa na Nakuru, mahali ambapo vitu vinapondwa na hakuna mama anayepiga nduru, kwa sababu Kiprugut alipondwa karibu, hatua chache na kisiagi cha unga, mchana kama huu, kaka yake, mtungi wa gesi begani, mtungi wao wenyewe uliokwisha, mama amemtuma akajaze, na mtu akasema mwizi, mtu tu, na jiwe la kwanza likampata kwenye taya, akatema meno, akajaribu kusema ni wa kwetu huu, ni wa kwetu, na mdomo haukuwa tena mdomo wa kusema, kisha ubao wenye misumari, kisha mateke, kisha ule mtungi wenyewe, waliuinua wakamshushia mgongoni, Jepkemei akausikia mlio ambao hajawahi kuueleza kwa mtu... “Daktari, swali,” ananong’ona Nderitu, mwenye projekta, akidhani hakusikia, lakini amesikia, anasikia kila kitu, hata Mama Eucabeth jirani yao aliyemshika gauni siku ile kwa nyuma kwa mikono miwili, “usiende mwanangu, watakuua na wewe, usiende,” na watu wamesimama duara, migongo, migongo, makoti, visigino, duara limefungwa kabisa isipokuwa mahali pamoja, nafasi ya mtu mmoja, na kupitia hapo alimwona Kiprugut, jicho moja limejaa damu na lingine linamtazama yeye, na miaka yote hii ameamini nafasi ile Mungu alimwachia ili waagane... nani alifagia, mtoto anauliza, nani alifagia, na yeye ambaye amewafundisha wanafunzi wake kwamba pengo halijitokezei lenyewe, kwamba ukiliona ujue kuna kitu kizito kimepita hapo, kinavuta, kinasukuma, wewe ndiye hujakiona bado, yeye huyo hakuwahi kujiuliza ni nani alikuwa amesimama mahali pale, mstari wa mbele kabisa, halafu akaondoka, akaenda kuleta kitu, akarudi, akasema songeni kidogo... moto ulipowaka Mama Eucabeth alimziba macho lakini harufu haizibwi... anaweza kuichukua projekta hii, ina joto chini na kona zake ni kali, akamshushia kwenye meno hayo yanayotabasamu, mara moja, mara tano, mpaka taya iachie, mpaka naye ajaribu kusema na maneno yamkatae, na damu imrukie mtoto kwenye sweta, imrukie tu, si hata yeye ya kaka yake ilimrukia... na msichana anainua uso kidogo, ana pengo la meno ya utotoni, anangoja. Wananchi wenye hasira, polisi waliandika hivyo, redio ikasema hivyo, mama mpaka leo husema watu walimuua mtoto wangu, watu, na Jepkemei amewachukia watu, Nakuru nzima, kila fundi wa baiskeli, kila mwanamume anayecheka kando ya barabara, aliwachukia mpaka akawakimbilia nyota, kwa sababu ukisema watu ni kama kusema vumbi, utaishika chembe gani uiulize, lakini huyu hapa si vumbi, ana sweta ya kijani, ana mtoto, atakuwa na jina, na Mama Eucabeth yuko hai, bado anauza mboga palepale, na macho yake, yaliyoona siku ile, ni mazima... na kitu kilichotapakaa ndani yake kote kinaanza kukusanyika, kinakuwa kizito, kidogo, kinashikika, na mji wote uliobaki unaachwa mtupu na mwepesi, wazee hawa, akina mama hawa na vikombe vyao, hawakuwepo, hawakuwepo hawa, na mkono wake hautaki tena meno ya mtu... “Emmy,” mwanamume anamwambia binti yake, “ngoja, mwalimu anafikiria,” naam, anafikiria, na hatamdanganya mtoto, atamwambia kuna kitu hapo, Emmy, hakionekani kwenye picha lakini kipo, tunakijua kwa alichokifanya, na mtoto akishaelewa, Jepkemei, polepole, mbele ya wote, atamgeukia babake amwulize anaitwa nani.