Neno Chini ya Jina

"Anzia chini, dada, huko juu nitamalizia mimi," Genival alisema, akimsogezea ndoo. "Wewe mfupi, mimi mrefu. Mungu katugawia kazi vizuri."

"Mrefu wa maneno," Ivonete alimjibu, akachovya rola.

Gari la manispaa lilikuwa limewashusha mbele ya hoteli ya zamani, katikati ya São Paulo. Lilikuwa jengo la ghorofa tisa lililofungwa miaka mingi, madirisha yake ya chini yamezibwa kwa matofali. Kazi yao ilikuwa moja tu: kupaka kijivu juu ya kila kilichoandikwa ukutani usiku. Vijana wanaandika, wao wanafuta, kesho vijana wanarudi. Ivonete aliifanya kazi hiyo mpaka mikono ikazoea kujiendea yenyewe, kutoka chini kwenda juu, huku mdomo ukipiga soga. Asubuhi hiyo alikuwa akimsimulia Genival jinsi jirani yake alivyounguza maharage ya mtaa mzima siku ya sherehe. Wakicheka hivyo, rola yake ikapita juu ya mstari mdogo wa maneno ulioandikwa usawa wa kifua. Wino ulikuwa bado mbichi. Weusi ukayeyuka ndani ya kijivu. Hakuusoma. Nani anasoma anachofuta?

Akarudi nyuma kuchovya tena, akainua macho.

Juu ya pale alipokwisha kupaka zilisimama herufi ndefu, nyembamba, zenye ncha. Mpita njia angeona mikwaruzo tu. Ivonete alisoma: BRASA. Kaa la moto. Ndilo jina la ukutani la binti yake, Luciene.

Ila mkono haukuwa wa Luciene. Mama anaujua mwandiko wa mwanawe, hata uandikwe kwa rola iliyofungwa kwenye ufito. Luciene huizungushia A yake ya mwisho mkia mfupi, kwa haraka, kwa kiburi. Hii ilinyooka tu kama kijiti. Aliyeiandika alikuwa mtu mwingine, tena aliyejitahidi sana kumuiga.

Moyo ukamlipuka Ivonete. Alikumbuka maneno ya Luciene, siku za nyuma walipokuwa bado wanakula meza moja. "Mama, sisi hatuandikiani majina hovyo hovyo. Jina lako unaliandika mwenyewe. Ukiona mtu kaandikiwa na wenzake, ujue hawezi tena kupanda majengo. Kafungwa, au kafa."

"Na nyie mnajuaje ni lipi?"

"Si tunaandika chini yake! Aliyefungwa tunamwandikia *Uhuru*. Aliyekufa tunamwandikia *Milele*. Kula, mama, chakula kinapoa."

Na neno la chini alikwisha kulifuta yeye mwenyewe, huku anacheka.

Aliitupa rola, akavua kitambaa cha kichwani, akakilowesha, akaanza kusugua. Kijivu kilitoka. Weusi nao ukatoka nacho. Kadiri alivyosugua ndivyo ukuta ulivyozidi kugeuka uji.

"Wee Neti, umerukwa na akili? Tumetoka kupaka hapo!"

"Kulikuwa na neno gani hapa? Genival, ulilisoma?"

"Mimi? Hata mwandiko wa daktari unanishinda, nitasoma hayo?"

Alipomweleza, Genival aliacha utani. Halikuwa jambo la kawaida kwake. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Mpigie simu."

"Alinifungia namba tangu Pasaka."

Tangu Pasaka, naam. Siku ile Ivonete alirudi amechoka, akamkuta binti yake akinawa wino kwenye sinki ya vyombo, na ulimi ukamponyoka. "Nazunguka mji mzima nikifuta uchafu wako, na wewe unakuja kuchafua hata sahani zangu!" Luciene hakupiga kelele. Alijifuta mikono taratibu. "Basi, mama, usijali. Nitapanda mahali ambapo rola yako haifiki." Akaondoka na begi moja. Na kweli alipanda. Kila mwezi Ivonete aliliona jina lile juu zaidi, ghorofa ya tatu, ya tano, ukingoni mwa mapaa. Liliwapita wafutaji wote, maana ufito wa manispaa una mwisho wake. Kila alipoliona aliogopa, halafu akashukuru, kwa sababu jina jipya lilimaanisha mtoto yuko hai. Hakumwambia mtu yeyote. Marafiki wa Luciene aliwajua kwa majina ya ukutani tu, na jina la ukutani halina namba ya simu.

Ndipo Genival alipoonyesha juu kwa kidole. "Si lile pale tena?"

Kweli. Kule juu kabisa, chini ya ukingo wa paa, jina lilikuwa limeandikwa mara ya pili na mkono uleule ulionyooka. Lakini bango kuukuu la hoteli lilisimama mbele ya sehemu ya chini, na kutoka barabarani neno lililofuata halikuonekana.

"Napanda," Ivonete alisema.

"Unapanda wapi? Msimamizi anarudi sasa hivi! Na hilo jengo limeoza, dada."

"Mwambie nimekwenda kujisaidia."

"Ghorofa ya tisa?"

Hakumjibu. Nyuma ya jengo matofali ya dirisha moja yalikuwa yamebomolewa, tundu la kumtosha mtu mwembamba. Ivonete hakuwa mwembamba, akapita hivyo hivyo, ovaroli ikachanika begani. Ndani kulikuwa na giza la mchana, lile linalokuonyesha nusu ya kila kitu. Kulinuka mkojo na mavi ya njiwa. Vyuma vya kushikia kwenye ngazi vilikwisha kuibwa, na lifti ilikuwa shimo tu. Alipotupa kokoto humo, ilikawia kufika chini.

"Ngoja, ngoja basi!" Genival alikuwa akijisukuma tunduni, anahema. "Mimi nina mke na kitambi, ujue. Nikifa utakuja kunililia wewe."

Wakapanda. Ivonete alidhani anazijua kuta za mji huu, kumbe alizijua za nje tu. Humu ndani, ambako hakuna mpita njia, watu walikuwa wamechora. Kulikuwa na mwanamke wa buluu aliyejaa ukuta mzima, samaki wakimtoka mdomoni. Kulikuwa na chui aliyelala kwenye bafu. Ghorofa ya tano alikuwapo mzee kitini, amechorwa hadi vidole vya miguu, ila uso wake umeachwa mtupu. Genival akajifanyia ishara ya msalaba.

"Nani anachora mahali pasipo na mtu wa kuangalia?"

"Nyamaza, Genival."

Kwenye kila ngazi alitangulia kutazama sakafu kabla hajatazama kuta. Kwenye ghorofa ya saba alikuta kiatu kimoja. Akakigeuza kwa ncha ya mguu: kikubwa, cha mwanamume, kimeota ukungu. Akaegemea ukuta mpaka pumzi ikarudi, na akajichukia kwa kufurahi kwamba ni cha mtoto wa mwingine.

Juu ya paa upepo ulikuwa mkali. Ukingo ulimfika gotini. Hapo kulikuwa na kopo tupu la rangi, na alama za viatu vya watu wawili au watatu. Zilikwenda hadi ukingoni, zikasimama. Ivonete alijua wanavyofanya: mmoja ananing'inia kichwa chini, mwenzake anamshika miguu.

"Nishike miguu," alisema, akilala kifudifudi.

"Neti, nakuomba, dada yangu. Tushuke. Tutauliza watu."

"Nikishuka bila kujua, nitakufa nikiwa natembea. Nishike."

Genival alipiga magoti, akamkumbatia vifundo vya miguu kwa mikono yote miwili, akaanza kusali kwa sauti. Ivonete akajisogeza, kifua, kisha tumbo. Barabara ilikuwa kule chini kabisa, na gari la manispaa lilikuwa dogo, na mtu mdogo aliyesimama kando yake alikuwa akipunga mikono kwa hasira. Damu ilimshukia kichwani. Hapa ndipo mwanangu alipokuwa anakuja, aliwaza, na mimi ndiye niliyempandisha.

Herufi zilikuwa kichwa chini. Ilibidi azisome moja moja, na machozi yalikuwa yakimtoka yakielekea kwenye paji la uso. Alisoma jina. Akajivuta kidogo tena, na Genival akapiga ukelele. Akasoma neno la chini.

"Uhuru," alisema. Kisha akapasua koo. "Uhuru! Genival, kafungwa! Mwanangu kafungwa! Yuko jela!"

Alivutwa akiwa anacheka na kulia, na Genival naye akacheka, wakakumbatiana juu ya paa bovu, watu wazima wawili wakishangilia jela kana kwamba timu yao imechukua kombe.

Msimamizi alimfukuza kazi palepale barabarani. Ivonete alimwambia asante.

Mchana huo alizunguka vituo vya polisi, na kwenye cha tatu askari wa dirishani aliposikia jina hakutikisa kichwa kama wenzake. Alimwambia asubiri, akaingia ndani. Ivonete akajipanga mwishoni mwa foleni ya wanawake waliobeba mifuko ya sabuni na biskuti. Yeye hakuwa na mfuko. Alijiahidi kununua akitoka, sabuni ya ile harufu anayoipenda Luciene.

"Una nani ndani, mama?" jirani yake kwenye foleni alimuuliza.

"Binti yangu."

"Pole."

"Asante, mwanangu, asante sana," Ivonete alisema kwa tabasamu, na yule mwanamke akamtazama kwa mashaka.

Walisubiri. Kivuli kikahamia upande wa pili wa njia. Wenye mifuko waliitwa kwa kufokewa, mmoja mmoja, mbio mbio, wewe na wewe. Hatimaye mlango wa pembeni ukafunguliwa. Hakutoka yule wa dirishani. Alitoka mwingine, mtu mzima mwenye mvi, kofia mkononi. Aliitazama foleni kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Samahani," alisema kwa upole. "Mama yake Luciene ni nani hapa?"

Ivonete akainua mkono. Wanawake waliokuwa mbele yake walisogea kando bila kuambiwa, wakampisha kama anavyopishwa mfiwa.