Mtani Aliyembeba Mwinshehe

Nimechoka kuulizwa yule Mnyamwezi wangu alikwenda wapi. Wapangaji wanauliza, muuza maji anauliza, hata mume wangu, anayejua fika, anauliza. Leo nasema mara moja. Mwenye masikio asikie, maana mie sirudii.

Mume wangu Mwinshehe alikuwa kuli bandarini, enzi hizo za Mwingereza. Siku moja robota la katani likamwangukia mgongoni, na tangu hapo kuanzia kiunoni kwenda chini hana lake. Na mwili wenyewe si wa kitoto, mtu wa miraba minne! Alfajiri anyanyuliwe aoshwe, mchana ageuzwe, jioni atolewe barazani aone watu. Miezi minane nilifanya peke yangu. Mgongo ukanishinda, nikawa simgeuzi sawasawa, vidonda vikamtoka. Tabibu wa zahanati akaniambia bila kunificha: "Mama, asipogeuzwa, hivi vidonda vitamuua." Ikabidi nitafute mwanamume mwenye nguvu, alale hapahapa kwangu Temeke.

Jumbe Kondo, mkubwa wa mtaa wetu, ndiye aliyeniletea Kornelio. Kwao Tabora, alikuwa ametoka kwenye mashamba ya mkonge Morogoro. Mtu wa makamo kama mie, mfupi, mabega mapana. Mbele ya jumbe akataka mambo matatu: chumba chenye mlango, chakula kilekile tunachokula sie, na akiugua nimpeleke hospitali. Hilo la tatu alilisema mara mbili.

"Kule mkonge mwenzangu alilalamika tumbo," akasema. "Mnyapara akasema mvivu huyo. Tulimzika kesho yake."

"Ala! Mnyamwezi naye anaumwa?" nikamjibu. "Si nyie mliobeba mizigo ya watu toka bara mpaka pwani? Leo utaumwa kwa kumbeba Mzaramo mmoja?"

Akanitazama, meno yote nje. "Kumbe Mzaramo! Basi nimekwisha. Huku nitalishwa ngoma badala ya ugali."

Jumbe akacheka, nami nikacheka. Nikasema, "Nitakupeleka, nitakupeleka," na makubaliano yakaishia hapo.

Asiyejua utani ajue. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu mababu, tangu zama za misafara. Mtani akikutukana huna kesi, akichukua kitoweo chako huna kesi, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Nyumba yangu ilikuwa imenuna miezi minane; Kornelio alipoingia, ikapata kicheko. Alimnyanyua Mwinshehe kama anayenyanyua mtoto wake, huku anamwambia, "Mzaramo mzito wewe, na kazi hujafanya!" Mume wangu akicheka mpaka anakohoa. Vidonda vikaanza kukauka. Nami nikalala usingizi, Alhamdulillahi.

Mwezi wa pili Kornelio akajilaza mlangoni, kajifunika shuka gubigubi, anasema amekufa kwa njaa na hafufuki mpaka aletewe nyama. Wapangaji walicheka wakashika mbavu. Nikampa nyama, akafufuka.

Basi alipokuja kuniambia kinena kinamuuma, nilisikia nini mie? Nilisikia utani. "Mtani, huyu mumeo ataniua," alisema. Nikamwambia, "Kufa basi, sanda ninayo." Akacheka kidogo, akaenda zake kuchota maji. Wiki iliyofuata akasema tena. Nikamwambia nimeshachagua na mti wa kumzika chini yake. Sikumuuliza panauma vipi, wala tangu lini; ukitaka, ona aibu kwa niaba yangu. Nilikuwa nimechoka, na kicheko kilikuwa kimenipumzisha. Sikutaka kukiacha.

Asubuhi moja nikamkuta uani, karibu na mafiga, amejikunja magoti kifuani. Jasho linamtiririka. Nikasema, haya, leo tena anataka nyama. Nikachota jivu la jikoni, nikammwagia kichwani. "Fufuka, Mnyamwezi! Leo nyama hakuna!"

Zuena, mpangaji wangu wa chumba cha mbele, akapiga makofi. Kornelio akafungua mdomo, hakutoa neno. Nikamruka, nikaenda kukuna nazi.

Mara nikasikia Mwinshehe anapiga kelele chumbani, na Mwinshehe si mtu wa kelele. "Mwanabaraka! Mtu huyo anakufa!"

"Anatania," nikamjibu nikiwa palepale kwenye mbuzi.

"Hatanii! Wiki tatu sasa akininyanyua nausikia mwili wake unatetemeka. Akishanilaza anakaa chini, anajishika kinena, anauma shuka asitoe sauti."

Nikaacha nazi, nikaingia. "Ulijua, ukanyamaza?"

Akafunika uso kwa mikono. "Ningesema, ungemwondoa. Mie angeninyanyua nani?"

Loo! Nilitoka mbio uani, nikapiga magoti, nikafunua shuka alilojifunga Kornelio. Palikuwa na uvimbe kinenani, mgumu, mkubwa kama ngumi. Nilipougusa, alilia kwa sauti ambayo mtani hana. Zuena akashika mdomo. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha," akasema, na mie nikatamani kumpiga, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Tukapata makuli wawili na mkokoteni wa kubebea nazi. Tukatandika mkeka, tukamlaza. Kutoka Temeke mpaka hospitali mjini nilitembea kwa miguu pembeni, nimeshika mkono wake, jivu bado liko kwenye nywele. Nilitamani anitukane. Aniite mla mihogo, aniite chochote. Kila gurudumu likiingia shimoni anafumba macho, basi.

Hospitali karani akauliza, "Nani wake?"

"Mtani wangu."

"Mama, mtani si ndugu. Kaajiriwa na nani?"

Nitasema ukweli, nilisita. Nilijua swali hilo lina maana gani: akifa, aliugua mikononi mwa nani, ameumizwa na kazi ya nani. Nikajiona nimesimama pale na lile jibu la mnyapara, 'mvivu huyo', mdomoni.

"Kaajiriwa na mie," nikasema. "Kaumia kwa kumbeba mume wangu."

Ilikuwa ngiri, utumbo umenasa. Wakampasua siku ileile. Daktari akaniambia tungechelewa mpaka jioni tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Akaniambia pia kwamba mtu yule asinyanyue kitu kizito tena maishani mwake.

Siku ya tatu nikampelekea uji. Amekonda, midomo imekauka. Nikakaa kando ya kitanda, nikasema, "Kornelio, niwie radhi."

Akageuza kichwa pole pole. "Mtani haombi radhi."

Ndivyo ilivyo. Baina ya watani hakuna kosa, kwa hiyo hakuna msamaha. Alikuwa ananifungulia njia yule mtu. Ningemtukana hapohapo, nikamwambia hata kuzimu wamemkataa, angecheka na kidonda chake, nasi tungerudi Temeke kama zamani. Tusi nilikuwa nalo ulimini, wallahi. Nikalimeza.

"Leo mie si mtani wako," nikasema. "Mie ni tajiri wako, niliyekuajiri. Ulinitaka jambo moja mara mbili, mbele ya jumbe, nikalicheka. Nimekukosea."

Aliusukuma uji kando. Kisha machozi yakamtoka, akayaacha yateremke.

"Basi, tajiri," akasema, na neno hilo alikuwa hajanipa hata siku moja, "ninataka kwetu."

Nikamwambia chumba chake kipo, akae tu, asibebe hata kikombe. Akatikisa kichwa. Sikumshawishi zaidi, ningekuwa nashawishi kwa faida yangu. Aliporuhusiwa nilimkatia tiketi ya Tabora, nikamfungia maandazi na samaki wa kukaanga, nikasimama stesheni mpaka gari moshi likaondoka. Alinipungia mkono kwa adabu, kama anavyopungiwa mtu mkubwa.

Nikarudi nyumbani. Mwinshehe alikuwa macho, anatazama mlango.

"Yuko wapi?"

"Amekwenda kwao. Harudi."

"Na mie?"

Nikainama kitandani. Nilimwambia anishike shingo. Akanishika kwa mikono yote miwili, nikapitisha yangu chini ya makwapa yake, nikavuta. Akanyanyuka kidogo, mgongo ukanikatika, tukaanguka wote wawili kitandani. Tukalala hivyohivyo, mie juu yake, tunalia.