Korongo Aliyeshona Foronya

Fundi baiskeli wa kibanda cha jirani aliapa kwa macho yake yote mawili, na ya marehemu baba yake akaongezea, kwamba Jumanne asubuhi, kule bwawani nyuma ya tanuri la matofali, alimwona korongo mrefu kama fremu ya mlango ameketi kwenye kigoda anashona suruali kwa cherehani. Miguu myekundu inakanyaga, mdomo mrefu kama pampu ya baiskeli.

"Nikasimama, nikamkazia macho," alisema. "Akanigeukia, akaniambia kwa sauti ya kike: Pita zako! Basi nikapita zangu. Mimi si mtu wa kugombana na ndege."

Watu walicheka mpaka muuza vocha akashika mbavu. Fundi baiskeli alijulikana kwa chumvi. Habari zake, walisema, ukizila bila maji utapandwa na presha.

Ila safari hii chumvi ilikuwa kidogo tu. Korongo hakuwa mrefu kiasi hicho. Haikuwa suruali, ilikuwa foronya. Na hakusema "Pita zako." Alisema neno jingine, ambalo fundi baiskeli alilijua vizuri sana na hakutaka kulitamka.

Waliojua ukweli walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa binti waliyemwita Kimya, aliyekuwa akijifunza kushona kwa shangazi yake.

Mambo yalianza wiki saba nyuma, watu wa umeme walipokata mti uliokuwa nyuma ya duka la shangazi la ushonaji. Kiota kikaanguka na kinda mmoja wa korongo, shingo kama uzi, macho makubwa ya kushangaa dunia. Akaja na pikipiki afisa wa ndege, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Ndege, kama vile watu wasemavyo bwana shamba na bwana afya. Akatoa masharti.

"Asione uso wa mtu. Asisikie sauti ya mtu. Akituzoea hatawafuata wenzake, na mwisho wake ni kizimbani, anatupiwa njugu na watoto wa shule."

"Sasa atalishwa na nani? Malaika?" shangazi akauliza.

"Na mtu aliyevaa kikorongo."

Shangazi akashona vazi. Shuka mbili nyeupe, satini nyeusi kwenye ncha za mabawa, soksi ndefu nyekundu, kichwa cha kikapu, na mdomo wa miiko miwili ya mbao iliyopakwa rangi nyekundu. Vipimo vilikuwa vya Kimya, maana shangazi mwenyewe hakuweza kumlisha hata mjusi bila kumwuliza habari za nyumbani.

"Huyu mtoto," alimwambia Bwana Ndege, "anaweza kumtazama kuku mpaka yai lenyewe likaona haya, likatoka."

Basi Kimya akawa mama. Kila asubuhi alivaa kikapu chake, akaingia uani, akadondosha samaki wadogo kwa miiko bila kutoa hata kikohozi. Alijua kwamba kinda hulala kwa mguu wa kushoto, huichukia ndoo ya bluu, na mvua ikinyesha huificha shingo kama mtu anayekwepa mdai. Alimpenda. Na kwa kuwa alimpenda, alitaka siku moja aondoke asigeuke nyuma.

Shangazi naye aliteseka kivyake. Kwa wiki saba alibishana na wateja kwa chaki, juu ya vitambaa vyao wenyewe. *Kiuno kimeongezeka si kosa langu*, aliandika kwenye gauni la mtu.

Kinda alipoweza kuruka, Bwana Ndege akambeba ndani ya tenga lililofunikwa mpaka bwawani, walikoshukia korongo wengine kumi na wanne. Bwawa lilikuwa linakauka, na wiki hiyo hiyo kundi lingehama. Walimfungua, wakajificha. Kinda akawatazama wenzake. Akatazama maji. Kisha akaruka, akapita juu ya tanuri la matofali, akarudi nyumbani kabla yao.

Dukani, mama mmoja alikuwa anajaribu gauni lenye pini kila upande, shangazi yuko kwenye cherehani, mara mdomo mrefu ukapenya pazia la uani na kumdona mteja makalioni. Mama alipiga yowe ambalo hakuna chaki ingeweza kuliandika. Kinda akakimbilia nyuma ya pipa, anatetemeka. Lakini shangazi alipokanyaga tena, *katakatakata*, mdomo ukarudi kwenye pazia lile lile.

"Si kwamba ametuzoea," alinong'ona Bwana Ndege walipokutana dukani. "Anatuogopa vizuri kabisa. Sasa anarudi kufuata nini?"

Kimya alikuwa anatazama pazia.

"Shangazi, kanyaga," akanong'ona. *Katakatakata*. Uani, kinda akatupa kichwa nyuma mpaka kikagusa mgongo, akagonganisha mdomo wake: *katakatakata*. "Acha." Kinda naye akaacha. "Kanyaga tena."

Bwana Ndege akakaa juu ya rundo la mashati. Korongo hana wimbo. Salamu yake, furaha yake, mapenzi yake yote ni kugonganisha mdomo. Waliuficha uso wa kila mtu, waliificha kila sauti, na hakuna aliyekumbuka kuificha cherehani.

"Kwa hiyo mama yake ni cherehani yangu," shangazi alinong'ona. "Na mimi ni nani? Bibi?"

Bwana Ndege akarekodi mlio ule kwenye simu, akaiacha uani ikilia. Kinda aliidona simu, akaizungusha mara mbili, akaitumbukiza kwenye ndoo ya bluu.

"Gari la kizimba litakuja Ijumaa," alisema Bwana Ndege akiipangusa simu yake. "Asipokuwa na wenzake, sina la kufanya."

Ndiyo maana Jumanne alfajiri toroli lilibeba cherehani ya miguu, chuma kitupu, mpaka bwawani, na ubao wa kupigia pasi ukatandikwa chini isizame. Kimya alitaka akanyage yeye.

"Cherehani ni kama mswaki," shangazi akasema. "Haiazimwi." Akajipenyeza ndani ya vazi la mpwa wake. Mshono wa ubavuni ulilia, ukaachia. "Na kitambaa nipe. Sikanyagi hewa mimi." Akapewa foronya iliyokuwa haijamalizika.

Bwana Ndege alifungua tenga, akajitupa nyuma ya toroli. Kimya alilala ndani ya matete, mwiko mwingine mwekundu mkononi. Mwiko ukiinuka, shona. Ukishuka, acha. Shangazi akashona, kinda akasogea ubavuni mwa cherehani, akagonganisha mdomo. Kule mbele korongo mzee akainua kichwa, naye akajibu. Mwiko ukashuka. Katika ule ukimya wakajibu wengine watatu. Kinda akageuza shingo. Akapiga hatua mbili kuelekea kwao. Akasimama, akaitazama cherehani. Hatua moja kurudi. Kimya alikuwa amebana pumzi mpaka masikio yanamvuma.

Hapo ndipo fundi baiskeli alipotokea kwenye kijia, anajaribu breki za baiskeli ya mteja. Breki zilikuwa nzima, maana alisimama papo hapo. Akamtazama korongo. Korongo akamtazama yeye, sindano iko nusu ya foronya.

"Shi… shikamoo," alisema fundi baiskeli.

Na shangazi, ambaye tangu azaliwe hajaacha shikamoo ya mtu ining'inie hewani, akaitikia kwa sauti ya wiki saba zilizofungwa kifuani:

"Marahaba!"

Fundi baiskeli akaitupa baiskeli kwenye matete, suruali ikabaki nusu kwenye mnyororo. Lakini Kimya hakumwangalia. Alimwangalia kinda, ambaye alikuwa amemsikia mama yake akizungumza kibinadamu. Alirudi nyuma kama aliyechomwa moto, akapiga mabawa, akaruka, akaenda kutua katikati ya wale kumi na wanne. Hakugeuka. Korongo mzee akamsogezea bega.

"Mpaka waondoke," aliagiza Bwana Ndege, "cherehani isilie, na mtu asijue. Watu wakijazana pale na simu zao, kundi litatawanyika na huyu atarudi kwenu."

Cherehani ikavikwa ile foronya. Shangazi akashona kwa mkono, anachemka kama sufuria lililofunikwa.

"Ameniamkia! Yeye! Ananizidi miaka kumi na miwili, anayenidai salamu hata nikiwa na mzigo kichwani!"

"Mpaka waondoke, shangazi."

"Nitapasuka."

"Pasuka polepole."

Alhamisi mchana shangazi alikwenda kununua uzi, na fundi baiskeli akaingia, suruali iliyochanika mkononi. Alichungulia nje, akavuta kigoda.

"Mwanangu, wewe huropoki. Nikuambie jambo lisitoke humu. Yule korongo hakuniambia pita zako. Niliyeanza ni mimi. Miguu ilikufa ganzi, mdomo ukaamua wenyewe. Nilimwamkia. Akaitikia."

Kimya akapokea suruali, akaitandaza mapajani.

"Na ile sauti naijua. Miaka kumi na minane inapita ukutani kuniambia nipunguze redio. Halafu, mbona cherehani yenu haisikiki tangu Jumanne?" Akaitazama foronya, akaondoa macho upesi. "Kama alikuwa yeye, mtaa huu nitaupitaje? Na kama si yeye, basi nimemwamkia ndege na ndege kaniitikia, hilo nalo nalipeleka wapi? Niambie moja tu kati ya hayo. Lolote. Nakuomba, mwanangu."

Dirishani, juu ya moshi wa tanuri, korongo walikuwa wanazunguka polepole, wanapanda. Kimya aliwahesabu. Kumi na watano. Wa mwisho alikuwa ameusahau mguu mmoja ukining'inia, wa kushoto. Bado walikuwa wanazunguka, hawajashika njia.

Akavuta karibu kifuko cha pini. Akachomoa moja, akaibana midomoni. Akachomoa ya pili, ya tatu, mpaka zikafika kumi na moja, kisha akauinamia mchano wa suruali.