Nadhiri ya Kilo Tisini na Sita

Mjomba alikuwa hajala kwa siku nne, na mtaa mzima ulimsifu kwa hilo. Walisema anafunga kwa ajili ya nadhiri yake. Ukweli aliuleta asubuhi ile kwa mpwa wake wa kike, fundi wa mizani. Aliingia karakana bila hodi, akasukuma komeo, akaketi juu ya sanduku la misumari akihema kama mtu aliyekimbizwa na mbwa.

"Nipime," alisema.

"Nikupime nini?"

"Mwili, mpwa wangu. Nipime mwili."

Fundi alifuta mikono, akavuta mizani ya jukwaa aliyokuwa akiitengeneza. Mjomba alivua viatu, akavua saa, akavua hata mkanda. Fundi akasogeza kipimo taratibu mpaka ulimi ukatulia.

"Tisini na tano."

"Siku nne za maji matupu, nimetoa kilo moja. Mwili huu ni bahili kuliko mimi."

"Hilo mtaa ungelipinga."

Mjomba hakucheka, na hapo Fundi akajua mambo yameharibika. Mjomba hucheka hata msibani.

Nadhiri yenyewe kila mtu aliijua. Miezi mitatu nyuma mkewe alilazwa, madaktari wakaanza kuongea kwa kunong'ona, na Mjomba akaenda kupiga magoti katika hekalu la Wahindu wenzake. Akaapa kwamba mke wake akirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, yeye Mjomba atatoa mchele wenye uzito wa mwili wake. Ni nadhiri ya kale. Mtu huketi kwenye sahani moja ya mizani kubwa ya hekalu, chakula kikapakiwa kwenye sahani ya pili mpaka miguu yake iache sakafu, kisha chakula chote kikagawiwa wenye shida. Akishuka kabla hajainuka, nadhiri imevunjika. Na kilichowekwa kwenye sahani ya sadaka hakirudi kwa mwenyewe.

Mke akarudi, na kwa miguu yake. Mjomba, ambaye nyuma ya mgongo wake waliomjua walimwita Mkono wa Birika, akawa gumzo. Hospitalini alikuwa amepimwa kilo tisini na sita, naye akatangaza magunia mawili ya kilo hamsini kutoka dukani kwake. Kwa mbwembwe akaongeza kwamba kilo nne zitakazozidi ni za ndege. Magunia yale yalikuwa ukumbini mwa hekalu wiki nzima, yameshonwa, yamevishwa maua, yamebarikiwa. Kesho yake saa tatu ndipo angepimwa.

"Yale magunia," Fundi aliuliza polepole, "uliyapima kwa mawe yapi?"

"Ya dukani."

Fundi akakaa.

Mawe ya dukani aliyajua. Yalikuwa manne ya chuma, mawili ya kilo kumi na mawili ya kilo tano, na miaka kumi na mitano iliyopita marehemu baba yake aliyatoboa chini katika karakana hii hii. Alikwangua madini ya risasi yaliyokuwa ndani, akaziba tundu kwa nta na kupaka rangi nyeusi. Fundi alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa kushika taa. Jiwe la kilo tano likabaki na kilo nne na nusu. Gunia la hamsini, kwa hesabu hiyo, lilikuwa la arobaini na tano.

Na mizani ya hekalu haina mawe. Huku mtu, huku mchele, basi.

"Miaka kumi na mitano nauza kilo hamsini," Mjomba alisema, "mpaka nikasahau kwamba si hamsini. Nimekumbuka Jumatatu, nikiwa naoga. Sabuni ikanitoka mkononi."

"Ongeza gunia la tatu. Sema ni la ziada."

"Nimeshatangaza mpaka na ndege, mpwa wangu. Mia moja kwa tisini na sita. Nikileta la tatu kabla ya kupimwa, hata wa darasa la pili atauliza linajaza nini." Akainama mbele. "Wewe ndiye unayeitengeneza mizani ile. Mtaimbo wake unaobeba sahani una vijitundu kila upande. Sogeza ndoano ya upande wa mchele tundu moja nje. Tundu moja tu, mchele utavuta kwa nguvu zaidi. Keshokutwa uirudishe."

"Hapana."

"Karakana hii imo katika jengo la nani?"

"Lako."

"Nimewahi kukutoza kodi?"

"Hapana, Mjomba."

"Na mawe yalitobolewa na nani? Wakianza kuyageuza chini juu, watataja jina la baba yako. Halafu nani atamletea mizani binti wa mtoboaji?" Akavaa viatu vyake bila kumtazama. "Sikutishi. Nakukumbusha tu."

Mchana Fundi alikuwa hekaluni na mfuko wake wa vyombo. Kuhani, mzee mwembamba aliyekuwa akifagia maua makavu, alimwachia ukumbi. Mtaimbo wa chuma ulining'inia katikati, mrefu kuliko mtu, sahani zake za mbao zikishikwa na minyororo. Kazi ilimchukua muda mfupi mno. Alihamisha ndoano ya upande wa mchele tundu moja nje, kiasi cha vidole vitatu. Kisha, ili mizani tupu isiinamie upande mmoja, akabandika kipande cha risasi chini ya sahani ambayo Mjomba angekalia. Ulimi ukasimama wima. Jicho gani lingejua?

Alipogeuka, mke wa Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja ukutani. Fundi alimwita Mama tangu mama yake mzazi alipofariki.

"Mama, umetembea mpaka huku peke yako?"

"Mwendo wa kobe, lakini nimefika." Alisogea mpaka kwenye magunia, akaweka kiganja juu ya lile la kwanza. "Nakuja kila siku kuyaona. Ngazi zikinishinda, najiambia, haya, yale magunia yapo. Yamenishikilia."

Fundi akarudisha vyombo mfukoni, na kuhani akaingia tena na ufagio wake.

"Kuhani, nambie," Mama alisema, bado kiganja kiko pale pale, "sadaka ikipungua kidogo, Mungu anaona?"

Kuhani aliegemea ufagio. "Mungu wa kike Lakshmi ndiye mwenye mali, mama. Kwetu sisi anapita tu, kama mgeni, na tunapewa dharma, njia ya haki, ili tujue namna ya kumkaribisha. Ukimvuta kwa mlango wa nyuma, halafu ukamsindikiza kwa mlango wa mbele na ngoma, yeye anakumbuka alikoingilia." Akaendelea kufagia. "Kuhusu kidogo, mtu anaweza kutoa punje moja. Lakini iwe yake."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alipokuwa akitoka aliligonga gunia mara mbili, kama agongavyo mtu tikiti kusikia limeiva au la, na Fundi hakujua amesikia nini.

Asubuhi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mstari wa mbele walikaa wenye kadi za kupokea mgawo wa mchele, na kati yao mshona nguo wa mtaa wa pili, mjane mwenye watoto watano na mdomo usio na breki. Mama alikuwa kwenye kiti kando ya mlango. Mwenyekiti wa jumuiya, mwalimu mstaafu aliyezungumza kana kwamba bado ana chaki mkononi, alimsindikiza Mjomba hadi kwenye sahani. Mjomba aliketi, nguo nyeupe, uso umesinyaa kwa njaa. Watu wakanong'ona jinsi anavyong'ara kwa ibada.

"Fundi, mizani iko tayari?"

Alichotakiwa kusema ni ndiyo. Pini ya kufungia mtaimbo ilikuwa mkononi mwake, akiivuta tu imekwisha, atarudi karakana yake na jina la baba yake litalala mahali pake. Akatupa jicho mlangoni. Mama alikuwa amekaa wima, viganja vimefungamana, kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Bado kidogo, Mwalimu," Fundi alisema.

Alipiga goti. Akabandua risasi chini ya sahani, karibu na visigino vya Mjomba, akaitia mfukoni. Kisha akapanda kwenye kigoda, akainua ndoano ya upande wa mchele na kuirudisha tundu lake la zamani. Wengine wote waliona fundi anakagua kazi yake. Mjomba aliona kila kitu. Mkono wake ulikaza mnyororo hadi vifundo vikawa vyeupe.

"Mpwa wangu," alisema chini chini. "Mpwa wangu, tafadhali."

Fundi akavuta pini.

Wapagazi wawili waliinua gunia la kwanza, wakaliweka. Wakainua la pili, wakaliweka. Mtaimbo ulitikisika, ukalia kama mlango wa zamani, ukatulia. Miguu ya Mjomba ilikuwa sakafuni, nyayo nzima, kama ya mtu aliyekaa kwake.

Watu wa nyuma walisimama waone vizuri.

"Mia moja," Mwenyekiti alisema, "kwa tisini na sita." Akavua miwani, akaivaa tena. "Fundi, mizani imeharibika?"

Fundi alihisi macho ya ukumbi mzima shingoni. Alikuwa amewapa kisogo, na hilo lilimsaidia.

"Mizani ni nzima. Niliipima kwa mawe ya serikali wiki iliyopita."

"Basi tatizo ni nini?"

"Nimenenepa," Mjomba alisema haraka. Akajaribu kucheka. "Furaha, ndugu zangu. Mke kurudi nyumbani si mchezo."

"Kwa kufunga?" mshona nguo aliuliza.

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikata katikati. Mshona nguo alikuwa hacheki. Alikuwa akiyatazama magunia, na vidole vyake vilikuwa vinahesabu.

"Nanunua kwake kilo tano kila Jumamosi," alisema, si kwa yeyote. "Ijumaa hainikuti na mchele. Nami nilidhani wanangu wanakula sana. Juzi nimemchapa wa tatu kwa wizi wa chakula."

Mjomba aliinua mwili kidogo, kama anayetaka kushuka, akamwona kuhani, akaketi tena. Jasho lilikuwa likimtiririka. Fundi akatazama mlangoni na kuona kiti kitupu.

Duka la Mjomba lilikuwa ng'ambo ya barabara. Kupitia mlango uliokuwa wazi wote walimwona Mama akivuka, akisubiri baiskeli ipite, akiingia dukani. Hakuna aliyemfuata, na wala hakuna aliyejua kwa nini hamfuati. Alipotoka alikuwa ameukunja upindo wa sari yake na kubeba kitu kizito ndani yake, mgongo umepinda. Ngazi za hekalu zilikuwa tatu. Kwenye ya pili alisimama, akapumua kwa kinywa. Mpagazi mmoja alimkimbilia, naye akakataa kwa kichwa. Hiyo ya tatu aliipanda kwa goti kwanza.

"Shuka, urudi nyumbani, mke wangu, utajiua," Mjomba alisema, na safari hii sauti yake haikuwa na mbwembwe.

Mama akaja mpaka mbele. Alitoa jiwe la kwanza la kilo tano, akaligeuza chini juu mbele ya Mwenyekiti, akakwangua kwa ukucha. Nta nyeusi ikamomonyoka.

"Nimeyafuta vumbi mawe haya miaka kumi na mitano," alisema. "Mkono wangu ulijua. Nikanyamaza, nikala."

Akaliweka juu ya gunia. Mtaimbo ukalia. Visigino vya Mjomba vikainuka, vidole vikabaki chini.

"Nani aliyetoboa?" Mwenyekiti aliuliza.

Mjomba alimtazama mpwa wake, akainamisha kichwa. Angeweza kumtaja marehemu, na wafu hawabishi. Fundi alipiga moyo konde, akageuka kuwatazama watu.

"Baba yangu. Mimi nilishika taa. Na jana nilihamisha ndoano ya mizani hii ili msijue." Akatoa kipande cha risasi mfukoni, akakiweka sakafuni. "Hii ndiyo ilikuwa chini ya sahani."

Kelele zilianza nyuma, zikasogea mbele. Mwenyekiti akainua mkono wake wa chaki na zikapungua. Mama alikuwa tayari ameliinua jiwe la pili kwa mikono miwili. Aliliweka kando ya lile la kwanza, taratibu, kama anayelaza mtoto mchanga.

Sahani ya mchele ikashuka. Mjomba akapaa. Mwili ule wote ulining'inia hewani, miguu ikiyumba, na mtu mnene asiye na pa kuweka miguu hana heshima hata kidogo.

"Sadaka imetimia," kuhani alisema kwa sauti ya kawaida. "Mchele na mawe. Havirudi dukani."

"Bado yale ya kilo kumi," mshona nguo alisema.

"Hayo atayaleta mwenyewe," Mama alisema, akaketi sakafuni pale pale, kichwa juu ya gunia, akipumua.

Mtu aliyeinuliwa hashuki mpaka fundi ashike mtaimbo. Fundi alirudisha pini kwa mkono mmoja, akamsogelea Mjomba. Macho ya mzee yalikuwa mekundu, na hakuyaondoa usoni mwake.

"Kesho hamisha vyombo vyako," alimwambia chini chini. "Vyote. Nisikute hata msumari."

"Sawa, Mjomba."

Fundi alinyoosha mkono wake, mweusi kwa grisi hadi kwenye kifundo.

"Shika hapa, usije ukaanguka."

Mjomba aliutazama mkono ule, huku nyuma yao mshona nguo akiuliza nani ana kisu cha kukatia nyuzi za gunia. Kisha akaushika, na kwa sababu siku nne hakuwa amekula, akauegemea kwa kilo zake zote tisini na tano.